Taa Zisizopenda Watu Watulivu

Kila siku akitoka shule, Chiriku hupanda hadi ghorofa ya tatu ya jengo kuukuu la ofisi, ambako mama yake ana chumba cha kushonea. Wapangaji walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Mwenye jengo alitaka kupunguza matumizi ya umeme, hivyo fundi akafunga taa zinazojizima zisipoona mtu akitikisika. Alizijaribu kwa kutembea huku na huko, akaridhika. Lakini fundi yule hakuwa mtu wa kukaa kitako, na mama kazi yake ni kukaa. Akishona vifungo, vidole tu ndivyo husogea. Kila mara giza! Mama hupunga mikono mpaka taa ziwake, na siku moja alimchoma mteja sindano begani.

Chiriku alimhurumia, akafunga kitambaa chekundu kwenye feni ya dari, ambayo haikuzimwa kamwe. Kitambaa kikacheza, taa zikawaka kutwa, hata Jumapili mlango ukiwa umefungwa. Mama alipouliza, Chiriku alisema ni pambo.

Mwisho wa mwezi mita ilisomwa. Matumizi yalikuwa yamepanda! Mwenye jengo alikuja juu, akamwambia fundi mbele ya wapangaji akusanye vifaa vyake, kazi imemshinda. Fundi alipigwa na butwaa. Hakuna aliyetikisika, na taa za ujiani zikawazimikia wote.

Chiriku angeweza kunyamaza. Lakini kumwona fundi akifukuzwa kwa sababu yake kulimuuma.

"Shikamoo, mzee," alisema gizani. "Fundi hana kosa. Kosa ni langu, nilizidanganya taa."

Akawaonyesha kitambaa. Mwenye jengo alijaribu kununa, kicheko kikamshinda, akamwomba fundi radhi. Fundi naye alikalia kiti cha mama, akashika sindano, na baada ya kuachwa gizani mara mbili akakihamishia kile kidude cha taa kinachohisi mtikisiko juu ya meza, kivione vidole. Kisha walisogeza kabati lililoziba dirisha miaka mingi, na mchana taa hazikuhitajika tena.

"Mwanangu," mama alisema, "unaongea kutwa, lakini lile la maana ukalimeza. Shida ikisemwa hupata dawa. Ikifichwa, humwangukia asiye na hatia."

Kisha akamgeukia fundi. "Na wewe, mdogo wangu, kabla ya kurekebisha chumba cha mtu, kalia kwanza kiti chake."