Alama Iliyokosekana Juu ya Kijito

Kila asubuhi kabla ya shule, Marsiana alimsaidia mama yake kumwaga makapi ya chikichi na maji meusi yanayobaki mawese yakishakamuliwa. Waliyamwaga nyuma ya migomba. Mvua ikinyesha, yote huteremka kijitoni, mpaka ziwani.

Wiki hiyo Madam Elinipa, afisa kilimo, aliwapa wanafunzi wa darasa la sita simu za kuchora ramani. Aliwaeleza kwamba kila penye mabaki wasimame na kubonyeza, na simu itaweka alama nyekundu mahali hapo hapo. Hivyo ingejulikana uchafu unaingilia wapi majini, na mabaki gani yanafaa kutumika tena. Mwanafunzi mwenzake Nasri alitumwa upande wa chini wa kijito, Marsiana upande wa juu, kwao.

"Kwenu simu itaiva nyekundu kama chikichi," Nasri alimtania.

Marsiana alicheka, kisha akawaza. Je, wakimkataza mama kukamua, watakula nini? Alipofika nyuma ya migomba aliitia simu mfukoni, akapita.

Jumamosi ramani ilibandikwa ofisi ya kijiji. Huko chini kulikuwa kwekundu. Juu, hakuna hata alama moja. Basi mwenyekiti akatangaza kwamba, kwa kuwa bomba limeharibika, watu wachote maji ya kunywa kwenye kidimbwi cha juu, maana ndipo pasafi.

Kidimbwi hicho kilikuwa chini kidogo tu ya migomba ya kina Marsiana.

Mawingu yalikuwa yamefunga, na matone ya kwanza yalianza kudondoka. Akamwona jirani yao Eufrasia, mtoto mgongoni, ndoo kichwani, anapandisha. Marsiana alitoka mbio, akamkuta ameshainama na kata mkononi.

"Shangazi, usichote," alisema akihema. "Uchafu wetu unaingia humu. Mimi sikuuweka kwenye ramani."

Eufrasia alimwaga maji aliyokwisha kuchota, akamshika mkono, wakaenda moja kwa moja kwa mama yake. Madam Elinipa naye akaitwa, na watu wakakatazwa kidimbwi siku hiyo hiyo.

Marsiana alingoja kusikia kazi ya mama imefungwa. Haikufungwa. Madam aliagiza lichimbwe shimo mbali na maji. Makapi yakaushwe yawe kuni, majivu yake yatumike kutengeneza sabuni, na yale maji meusi yachanganywe humo shimoni na majani yawe mbolea ya migomba. Alisema asingeweza kuwasaidia watu ambao ramani haiwaonyeshi.

Kisha mama akamwongoza Marsiana mpaka kwenye lundo lao, na simu mkononi.

"Bonyeza," alisema. "Nami nilikosea, nilimwaga bila kuangalia chini kuna nani. Lakini wewe ukiogopa, njoo uniambie, mwanangu. Umeficha hofu yako, nusura mtoto wa mwenzetu anywe uchafu wetu."

Marsiana akabonyeza.