Sura Sita za Zenon

Bisha. Nakuruhusu. Shule niliiacha darasa la sita, lakini macho sikuyaacha huko, na kwa ujasiri Mazwi nzima hakuna wa kunifikia. Bisha, ukimaliza uje unuse kuta za nyumba ya kaka yangu Zenon.

Zenon alikuwa mchoraji wa vibao vya saluni na migahawa. Kazi zilipokauka, akaanza kujichora mwenyewe kwa kutazama kipande cha kioo, maana uso wake ulikuwa wa bure. Rangi nyekundu nayo ikaisha. Akapanda baiskeli hadi nje ya Kasense, penye tanuru la kale ambamo mababu wa Kifipa waliyeyushia chuma, akakwangua udongo mwekundu wa ndani, akauponda na kuuchanganya na gundi.

Mkewe Dominika alishtushwa na jambo dogo tu. Picha ilikuwa imekonda kuliko mtu.

"Baba, mbona umejichora mifupa?"

"Ndiyo sanaa, mama. Kula wewe, mimi nimeshakula mjini."

Hakuwa amekula. Dominika alikuwa na mimba ya miezi saba, na Zenon alimwachia ugali wote. Picha ya pili ikamchongea: mbele yake sahani tupu, ambayo Zenon aliapa hakuichora. Ya tatu ilishika leso yenye damu. Dominika akapekua suruali ya mumewe, akaikuta leso.

Kisha mchana mmoja, jua kali, kuku wote kimya, Dominika akasikia mvumo, fuu, fuu, kama mivukuto ya mhunzi, ukitoka kwenye picha ya sita, na chumba kikanuka chuma cha moto, naye alipoisogelea akaona kifuani, palipochorwa shati, pamefunguka shimo dogo la duara, jekundu ndani, likipumua, na kila lilipovuta pumzi, Zenon aliyelala kitandani alipoteza yake, asiipate tena mpaka shimo liridhike.

"Shemeji," aliniita kwa mnong'ono. "Njoo. Usipaze sauti, linasikia."

Nikamleta Mzee Urbano, ambaye babu yake alihudumia matanuru. Hakuvuka kizingiti.

"Shikamoo, babu," Dominika alisema. "Ni jini?"

"Marahaba. Wengine wataliita jini. Wazee walililisha tanuru mkaa tu. Huyu amelilisha uso wake." Akashusha sauti. "Arudishe kila sura, kwa mkono wake mwenyewe. Wa mwingine halipokei. Ikibaki hata moja, litammaliza."

Nikampakia Zenon kwenye pikipiki, mfuko wa picha katikati yetu. Akazisukuma tanuruni moja moja, akikohoa, hana hata nguvu ya kuhesabu. Siku tatu alikula, akatania watu, Dominika akaimba jikoni. Siku ya nne, saa sita mchana, pumzi ilitoka haikurudi.

Mtoto alizaliwa baada ya arobaini. Mpaka leo shemeji ananiuliza, "Tulikosea wapi?"

Sasa lile nililoliruka. Picha zilikuwa sita. Mfukoni niliweka tano. Ile ya kwanza niliichomoa, kwa sababu nilishawaringia mabinti wa Majengo kwamba ni mimi nimechorwa, nao walikuwa wananicheka.

Tangu mazishi, pua ya picha ile imekuwa yangu. Juzi limetokea na kovu langu la kidevuni. Nimeipeleka Kasense mara mbili. Nikiisukuma ndani, fuu, inarushwa miguuni pangu. Aliyechimba udongo ule tumemzika.

Mabinti walikuwa wakibisha. Sasa hawabishi.