Laddu ya Uchumba Iliyonishinda Kumeza

"Fungua mdomo, mwali!"

Sikufungua...

Ukumbi mzima unanitazama. Laddu, kile kitamutamu cha mviringo, imenigusa midomo, na anayenilisha ni Bi Tahira, mama yake Shahmir anayenichumbia. Huku kwetu Multan, Pakistan, ukiimeza laddu ya mama mkwe umekubali. Ukiikataa, umemkataa mwanawe mbele za watu!

Na jamani, Shahmir nampenda kufa.

"Ana bwana mwingine huyo!" shangazi yake akaropoka.

"Rubab! Aibu gani hii?" Mama akanifinya. Mama huyohuyo aliyejua kila kitu!

Sikilizeni. Wiki nzima shavu limevimba, maumivu hadi sikioni, kumeza mate kazi, mdomo unanuka, taya limekaza hata kijiko hakipiti. Gego la mwisho linagoma kutoka. Mama alinipaka mafuta ya karafuu, akanifunika mtandio.

"Nyamaza," aliniambia. "Binti mgonjwa nani anamtaka?"

Bi Tahira akairudisha laddu kwenye sinia.

"Twendeni nyumbani."

Nikaudaka mkono wake, nikaubandika shavuni kwangu. Lilikuwa la moto.

Akaganda.

"Tangu lini?"

"Ni jino tu, dada," Mama akadakia.

"Hata la Mehwish wangu lilikuwa jino tu!"

Mehwish, dada yake Shahmir, tulimzika tukijua ni homa...

"Nilimfunika kama unavyomfunika huyu," akamwambia Mama huku analia. "Uvimbe ukashuka shingoni, akakosa pumzi. Homa tuliitunga sisi, kwa kuogopa maneno ya watu."

Pete zikaachwa mezani. Bi Tahira mwenyewe akanikimbiza hospitali.

Picha ikaonyesha gego limelala ubavu ndani ya taya, linamsukuma jirani yake. Usaha umejaa chini ya ufizi.

"Vijana wengi sana wana magego kama haya," daktari akasema. "Wengine hayawasumbui kabisa. Ila mdomo ukigoma kufunguka, usikae nyumbani!"

Nikatibiwa, likang'olewa, uchumba ukafanyika upya.

Wasomaji wangu, binti akisema taya linauma, msianze kuwaza majirani watasema nini. Mpelekeni!

Siku ile ya uchumba wa pili Bi Tahira aliimega laddu katikati.

"Fungua mdomo, mwanangu."

Nikafungua. Nikameza pamoja na machozi.

Nusu iliyobaki hakumpa mtu. Aliifunga kwenye pindo la mtandio wake.

"Hii ya Mehwish," akasema.