Sikio la Pili

Mambo yalianza kwa shukrani, na katika wodi ile shukrani zilikuwa adimu kuliko mashuka safi. Mwalimu mstaafu wa kitanda cha dirishani alimshika mkono Sista Miwani, muuguzi mkuu, akamwambia, "Yule binti aliyekuja nilipobonyeza kengele, Mungu ambariki. Mikono yake ya baridi, lakini ana moyo."

Sista Miwani hakuwa amemtuma mtu. Alirudi mezani, akatazama skrini ya kengele. Kitanda cha dirishani hakikuwa kimebonyeza chochote tangu asubuhi.

Sista Miwani alikuwa mtu wa kushuku hata kipimajoto. Hapohapo akamwita Fundi Kengele, dada aliyeandika programu ya kengele zote za wodi. Mgonjwa akibonyeza kitufe, ujumbe unakwenda kwenye seva, ile kompyuta kuu iliyo chini ya ngazi, programu inaupokea, na taa inawaka mezani kwa wauguzi.

"Mwanangu, kengele zako zinasema uongo."

"Kengele haziwezi kusema uongo, Sista. Labda kuna mtu anapokea halafu anafuta."

"Mtu gani? Wauguzi wangu?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema kwa macho."

Basi hapo ndipo wodi ilipoharibika. Wauguzi wakaanza kuviziana, kila mmoja akidhani mwenzake anajipendekeza kwa wagonjwa kwa siri. Fundi Kengele akawashuku wauguzi wote, na wauguzi wote wakamshuku yeye. Katika vuta nikuvute ile hakuna aliyeliona lililokuwa wazi: kengele karibu nusu zilikuwa haziwashi taa, na hakuna mgonjwa hata mmoja aliyelalamika. Wale ambao taa zao haziwaki ndio waliokuwa na furaha kuliko wote. Walikataa dawa kwa adabu. Walirudisha sahani zikiwa zimejaa, wakisema wameshiba. Kwenye mito yao kulibaki harufu ya nguo iliyokunjwa ingali mbichi, na hata mashuka yalipobadilishwa haikutoka. Mwalimu mstaafu akakonda mpaka pete ikamvuka kidole, kisha akafa akitabasamu.

Kitanda cha mwisho kilikuwa cha mama yake Fundi Kengele. Mama alikuwa na ugonjwa wa kifua, na binti hakuwa na ndugu, mume wala mtoto. Alikuwa na mama huyo tu. Mchana mmoja wa mawingu, wakati wa wagonjwa kupumzika, alimpelekea chakula. Mama akaisukuma sahani.

"Kula kidogo tu, mama."

"Nimeshiba, mwanangu. Si umenilisha sasa hivi?"

"Nani? Mimi?"

"Nikibonyeza tu, wewe huyo! Tena siku hizi umetulia. Unakaa, unanisikiliza, hata simu hushiki." Mama akampapasa shavu. "Leo mikono yako ya moto."

Maneno yale yalimuuma kabla hayajamtisha. Ni kweli kwamba alikuwa akija mbiombio, jicho moja kwa mama na jingine kwenye simu. Kisha akaisikia ile harufu kwenye mto wa mama, akaiweka sahani chini.

Alishuka chumbani kwake chini ya ngazi, akafanya jambo ambalo alipaswa kulifanya siku ya kwanza badala ya kushuku watu. Programu husikia kwa soketi. Tuseme ni sikio lililotegwa kwenye namba fulani, na kila kengele ya wodi huita namba hiyo. Akaiuliza seva: namba hii inasikilizwa na nani? Akatarajia jibu moja. Yakaja mawili. Kulikuwa na masikio mawili kwenye namba moja, na mfumo ulikuwa unayagawia kengele, hii yako, hii ya mwenzako, kama mama anayegawa vipande vya muwa.

Aliyeruhusu alikuwa ni yeye mwenyewe. Zamani, kila alipoizima programu kuirekebisha, ilimchukua muda kuirudisha, na muda wote huo wodi nzima ilikuwa bubu. Kila soketi ina swichi zake ndogondogo, na moja kati ya hizo huruhusu masikio zaidi ya moja kukaa kwenye namba ileile. Kwa hiyo programu mpya ikawa inaingia kabla ya ile ya zamani kutoka. Aliiwasha swichi hiyo, wodi haikunyamaza tena, akaenda kunywa chai. Hakuwahi kurudi kuuliza kama kuna mwingine ameingia. Na mfumo haukuwa mzembe, maana swichi ile hairuhusu mgeni. Humruhusu tu anayekuja kwa jina la mwenye programu. Akasoma jina la sikio la pili. Lilikuwa jina lake.

Akaandika sifuri ili kuizima swichi. Kisha akaisoma. Ikajibu: moja. Akaandika tena sifuri, taratibu, akihakikisha kila herufi. Akaisoma. Swichi ambayo tangu kuumbwa kwa kompyuta haijui kingine zaidi ya sifuri na moja ikamjibu: mbili.

Akaamuru sikio la pili life. Mfumo ukasema hakuna kitu kama hicho. Akachomoa waya wa mtandao, na sikio likabaki pale kwenye orodha limetegwa, na juu ya dari, kwenye sakafu ya wodi, akasikia miguu mitupu ikitembea bila haraka kutoka kitanda hadi kitanda. Akauchomeka waya, akampigia simu Sista Miwani.

"Sista, nisikilize. Usimwache mama yangu peke yake. Kuna kitu kinajibu kengele, na si mtu."

Sista akajibu kwa kunong'ona.

"Wewe uko wapi?"

"Chini, chumbani kwangu."

"Usinitanie mwanangu, mimi mtu mzima. Mbona nakuona hapa, umekaa na mama yako, unamchana nywele?"

Kwa hofu akafanya kosa ambalo fundi yeyote wa kazi yake angelifanya: aliizima programu yake ili aifungue upya bila ile swichi, akae peke yake kwenye namba, na hakukumbuka mpaka kidole kilipokwisha kubonyeza kwamba sikio lake likifungwa, hata kwa muda wa kupepesa jicho, lile jingine ndilo linabaki peke yake, na kengele zote, za vitanda vyote, zinakuwa zake. Akaifungua programu. Mfumo ukamjibu kwa ustaarabu wake wa siku zote: namba inatumika. Akajaribu tena, na tena, huku anasikia juu kicheko cha mama yake, kile cha zamani cha kabla ya kifua kumuuma, ambacho hakuwa amekisikia kwa miaka.

Akapanda ngazi mbio. Mlangoni mwa wodi Sista Miwani alimzuia kwa mkono, akimtazama kama mtu asiyemjua kabisa.

"Dada, huu si wakati wa kuona wagonjwa. Unamtafuta nani?"

"Sista, ni mimi! Yule ni mama yangu!"

"Binti yake yupo naye. Amekuwa naye tangu asubuhi."

Kwenye kitanda cha mwisho kulikuwa na mwanamke amewapa mgongo, amevaa blauzi kama ya kwake, kitana mkononi. Hakugeuka. Mama ndiye aliyeinua kichwa, akamtazama yule aliyekuwa mlangoni akihema, akajivuta karibu na aliyekaa naye.

"Sista, mtoe huyo," mama alisema. "Ananitisha."

Hakuna aliyemwambia afanye nini, na hakukuwa na wa kumuuliza. Alishuka ngazi akilia kwa sauti, bila aibu. Alikaa mbele ya skrini. Namba inatumika, mfumo ulisema, na ni kweli, lakini palikuwa na njia moja ya kuingia mahali panapotumika, nayo aliijua vizuri. Akaiwaza sahani iliyojaa na pete iliyomvuka mwalimu kidole. Mama hatakula kwa mkono wa yule. Kwa mkono wa binti wa kweli, pengine, siku moja moja atakula.

Akairudia ile swichi, akaandika moja.

Mfumo ukamkubali papo hapo. Simu yake ikalia. Ni Sista Miwani, anamwita mwanangu, anamuuliza mbona leo hajaonekana wodini. Kabla hajajibu, kengele ya kitanda cha mwisho ikabonyezwa, na Fundi Kengele akaikazia macho skrini, mikono mapajani, akisubiri kuona kama hii ni zamu yake.