Povu Katika Kijito

Nyumbani kwa kina Nabwile, maji hayakumwagwa ovyo. Maji yaliyoosha mboga yaliosha vyombo, yaliyoosha vyombo yalipiga deki, na yaliyobaki, yakiwa meusi tii, yalimwagiwa mpapai uliokuwa nyuma ya nyumba. Baba yake, aliyetoka Bungoma kuja kufanya kazi ya reli mjini Voi, alipenda kusema kwamba mpapai huo ulikuwa umeonja sabuni za kila aina dukani.

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nabwile alipanga foleni kwenye kioski cha maji. Alijua kuupandisha mtungi kichwani bila kusaidiwa na mtu, na alijua kutembea nao bila kudondosha hata tone. Siku ambazo kioski kilikauka, alizunguka mitaa ya jirani na jua la Voi likimwakia utosini. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, katika Gredi ya Sita, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Klabu ya Mazingira. Walimu walimwamini sana. Kama kulikuwa na ufunguo wa kutunzwa au kazi ya kusimamiwa, aliitwa Nabwile.

Mwalimu Kavinya, mlezi wa klabu, alipotangaza kwamba watapiga kambi katika msitu ulio juu ya Werugha, kwenye vilima vya Taita, klabu nzima ilishangilia. Hakuna shule iliyowahi kuruhusiwa kulala katika kambi hiyo. Shule yao ndiyo ingekuwa ya kwanza, na kama mambo yangeenda vizuri, nyingine zingefuata.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa Sylus. Huyu alikuwa mtundu wa kutajika. Aliwahi kumleta kinyonga darasani ndani ya mfuko wa penseli, na siku hiyo somo la Hisabati lilikwisha kabla ya wakati. Lakini alipenda ndege kwa moyo wake wote. Babu yake alikuwa Mtaita wa vilima hivyo, na alikuwa amemsimulia habari za ndege mdogo wa msituni asiyepatikana mahali pengine popote duniani.

"Nikimwona huyo ndege," Sylus aliwaambia wenzake ndani ya basi la shule, "hata mkiniacha huko huko milimani, sawa tu!"

"Tutakuacha kwa furaha," Branice, rafiki yake Nabwile, alimjibu, na basi zima likaangua kicheko.

Kule juu, ukungu uliwapokea. Watoto wa Voi waliokuja na fulana nyepesi walianza kutetemeka kwa baridi, wakakimbilia sweta zao. Miti ilikuwa mirefu, imevaa kuvu na majani ya kutambaa, na kila tawi lilidondosha maji ingawa mvua haikuwa ikinyesha. Na pembeni mwa uwanja wa mahema kulikuwa na kijito. Maji yake yalikuwa meupe, yakiruka juu ya mawe, yakiteremka yenyewe tu bila mtu wa kuyauza wala foleni ya kuyangoja. Nabwile alisimama akayatazama mpaka Branice akaja kumvuta mkono.

Jioni hiyo, askari wa msitu aliyeitwa Donald aliwakusanya karibu na moto.

"Sheria za hapa ni chache," alisema. "Msivunje mti mbichi. Msitembee peke yenu. Na hiki kijito, jamani, mkichunge kama macho yenu. Kinaingia kwenye tangi la watu walio hapo chini. Mnachota kwa ndoo safi, mnapeleka juu kule kwenye shimo nililowachimbia, mnaoshea huko. Sabuni isikaribie kijito. Tumeelewana?"

"Ndiyo, afande!" waliitika wote, na sauti ya mwenyekiti ndiyo iliyosikika zaidi.

Asubuhi iliyofuata, zamu ya kuosha vyombo ilikuwa ya Nabwile na Branice. Branice alikuwa na mafua, kwa hiyo Mwalimu Kavinya akamwambia akae karibu na moto. Nabwile akabaki na rundo la vikombe vya uji na sufuria kubwa ya maharagwe iliyoungua chini na kujaa masizi nje. Wenzake walikuwa wameondoka na askari Donald kwenda kujifunza majina ya miti.

Alichota ndoo ya kwanza, akaipandisha mpaka shimoni. Njia ilikuwa na mwinuko na matope. Maji yale yakaisha kabla hajamaliza hata vikombe. Akashuka tena. Alipofika kijitoni, aliinama ajaze ndoo, kisha akasita.

Tangu alipoanza kukumbuka mambo, alikuwa akibeba maji. Na sasa maji yalikuwa hapa, mengi, ya bure, yakipita mbele ya miguu yake, naye bado alitakiwa kuyabeba. "Sufuria moja tu," alijiambia. "Maji yote haya, sabuni kidogo itafanya nini?"

Akaishusha sufuria kijitoni, akanyunyiza sabuni ya unga. Masizi yalikuwa magumu, akaongeza nyingine. Alisugua kwa nguvu, akasuuza, akamimina, akachota tena, akamimina tena. Hakuwahi katika maisha yake kusuuza chombo kwa maji mengi namna hiyo. Alijikuta anaimba. Akaleta na vikombe, na sahani, na miiko. Povu likajaa kati ya mawe, likajikusanya, kisha likateremka taratibu na kupotea kwenye kona. Mpaka anamaliza, pakiti ya sabuni ilikuwa imebaki tupu.

Kabla ya saa sita, mama mmoja alipanda kilima kwa hasira, gauni lake limelowa mpaka magotini. Mkononi alibeba ndoo. Aliitua mbele ya Mwalimu Kavinya, na kila mtu akaona povu likielea juu ya maji.

"Mimi ni Mama Wendy, nakaa hapo chini," alisema huku akihema. "Haya ndiyo maji yaliyotoka kwenye tangi letu. Nimesuuza madebe ya maziwa bila kujua. Maziwa yote yamenuka sabuni, imebidi nimwage! Ng'ombe wenyewe wamenusa hori wakarudi nyuma. Tuliambiwa watoto wa shule ni watu wazuri, tukakubali. Ndiyo haya?"

Askari Donald alivua kofia yake. Uso ulikuwa umemshuka. "Mama, pole sana. Mimi ndiye niliyewaombea hawa watoto kwa wazee wa kijiji." Akawageukia wanafunzi. "Nani alipeleka sabuni kijitoni?"

Mwalimu Kavinya alimtazama Nabwile. "Wewe ndiye uliyekuwa zamu. Ulioshea wapi?"

Nabwile alifungua kinywa akitaka kusema kweli, lakini neno lililotoka lilikuwa jingine.

"Shimoni, Mwalimu."

"Nilijua hivyo," Mwalimu Kavinya alisema, na hakumuuliza tena. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwa Sylus, ambaye suruali yake ilikuwa imelowa na viatu vyake vilikuwa vinatoa maji. "Sylus! Ulikuwa wapi wakati wenzako wanajifunza?"

"Niliteleza nikaanguka kijitoni, Mwalimu. Nilikuwa namfuata ndege. Lakini sabuni sijagusa, haki ya Mungu!"

"Hata kuoga hapendi, sabuni ataitoa wapi?" mmoja alinong'ona, na wengine wakacheka. Lakini wengi walikuwa wamekwisha kuamua. Walitazama suruali yake, wakamkumbuka yule kinyonga, wakatikisa vichwa.

"Mimi siwezi kuficha jambo hili," askari Donald alisema. "Jioni nitakutana na wazee. Wakisema kambi isipokee tena wanafunzi, sitakuwa na la kuwajibu."

"Sylus, nenda hemani mwako ukae huko," Mwalimu Kavinya alisema kwa sauti iliyochoka. "Kesho wenzako wakipanda kuangalia ndege, wewe utakaa hapa na dereva. Na tukifika Voi nitamwita mzazi wako."

Sylus alijaribu kujitetea mara moja zaidi, hakusikilizwa. Akaingia hemani.

Chakula cha mchana kilipoiva, Nabwile hakugusa chake. Aliambiwa ampelekee Sylus sahani yake. Alimkuta ameketi juu ya begi lake, anachora majani kwenye karatasi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nabwile," alisema, bila hata kuitazama sahani, "wewe unachora vizuri. Kesho ukimwona yule ndege, unichoree. Usisahau rangi ya kifua. Babu ataniuliza, na sitaki kumwambia kwamba nilifika huku nikafungiwa hemani."

Nabwile aliitua sahani chini. Kama Sylus angemtukana, angeweza kuvumilia. Kama angemshuku, angeweza hata kukasirika na kujitetea. Lakini huyu alimwamini, kama walivyomwamini wote, na imani hiyo ilimchoma. Alitoka hemani mbio, machozi yakimtiririka, mpaka mbele ya Mwalimu Kavinya, aliyekuwa bado anazungumza na Mama Wendy na askari Donald.

"Ni mimi," alisema. "Mwalimu, ni mimi. Sikuoshea shimoni. Nilichoka kupanda na ndoo, nikaoshea kijitoni. Nilimaliza pakiti nzima. Sylus hajafanya kitu."

Mwalimu Kavinya alitazama hema la Sylus, kisha akamrudia Nabwile.

"Ulinitazama machoni ukanidanganya," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu. Niliogopa. Nilidhani nikisema, mtaninyang'anya uenyekiti."

Mama Wendy alimpima kwa macho kuanzia kichwani hadi miguuni. "Mwanangu, kwenu hakuna mto?"

"Hakuna, mama. Kwetu ni maji ya kioski. Sijawahi kukaa chini ya mtu anayetumia maji kabla yangu. Afande alituambia, lakini sikuwawaza watu wa huko chini."

"Wapo," Mama Wendy alijibu. "Mimi mmoja wao. Na sasa hilo tangi litajisafisha?"

"Nitaliosha mimi," Nabwile alisema haraka. "Leo hii."

Hakuenda peke yake. Klabu nzima iliteremka nyuma yake, Sylus aliyetolewa hemani akiwemo, na hata Branice akajifunga leso kichwani akafuata na mafua yake. Tangi lilikuwa la saruji, kwenye ukingo wa mashamba ya kabichi. Askari Donald aliziba bomba la kuingizia maji, akafungua la kutolea, na maji yenye povu yakamwagika kwenye mtaro wa mbali na mboga. Nabwile aliingia ndani akiwa peku, akasugua kuta kwa brashi na mchanga mpaka mikono ikamwaka. Wenzake walipanga mstari kutoka sehemu ya juu ya kijito, wakapokezana ndoo za kusuuzia. Walisuuza, wakanusa, wakasuuza tena. Mama Wendy ndiye aliyekuwa hakimu, na hakuwa hakimu wa huruma. Mara mbili aliingiza mkono, akaunusa, akasema, "Bado."

Alipoingiza mkono mara nyingine, alikinga maji kwa viganja, akanywa. Akayatikisa mdomoni, akameza.

"Haya. Fungueni bomba."

Ng'ombe wake aliletwa horini. Alinusa, akapuliza pumzi, kila mtu akasubiri. Kisha akainamisha kichwa na kuanza kunywa, na watoto wakashangilia mpaka ng'ombe mwenyewe akashtuka.

Sylus hakushangilia. Alikuwa amefanya kazi na wenzake mchana kutwa bila kusema na Nabwile hata neno moja. Nabwile alimfuata pale alipokuwa anapanga ndoo.

"Sylus, nisamehe."

"Unaninong'oneza mimi sikioni," Sylus alijibu. "Mbona mimi niliitwa mwongo mbele ya watu wote?"

Ilikuwa haki yake. Nabwile alipanda juu ya jiwe, miguu imelowa, nywele zimejaa mchanga, akawaita wenzake wakusanyike. "Sylus alisema kweli," alitangaza. "Mimi ndiye niliyedanganya. Nilimwacha achukue lawama zangu, na naomba radhi kwake na kwenu nyote."

Sylus alikuna kichwa. "Basi," alisema. "Yameisha."

Askari Donald alisema atawaeleza wazee kosa lote, na pia atawaeleza jinsi lilivyorekebishwa. Mama Wendy akasema yeye mwenyewe atakuwepo kwenye mkutano huo, na kwamba mtu wa kusema kambi ifungwe atajibizana naye. Waliomjua walielewa kwamba kambi haitafungwa.

"Uenyekiti utaupumzisha hadi muhula ujao," Mwalimu Kavinya alimwambia Nabwile, naye akaitikia bila kunung'unika. "Lakini nisikilizeni nyote. Nabwile aliposema 'shimoni', nilimwamini papo hapo, kwa sababu hajawahi kunidanganya. Sylus aliposema kweli, sikumwamini, kwa sababu ya vituko vyake vya zamani. Mtu anayeaminiwa akisema uongo, hauishii kwake. Unamwangukia mwenzake ambaye neno lake halisikilizwi. Ndiyo maana wewe unayeaminiwa unapaswa kuwa mwangalifu kuliko wote. Na mimi niliye mtu mzima nilipaswa kuuliza vizuri kabla ya kuhukumu."

Akamgeukia Sylus, akamnyooshea mkono mbele ya klabu nzima, mbele ya Mama Wendy na askari.

"Sylus, nilikukosea. Naomba unisamehe, na kesho utapanda na wenzako kuangalia ndege."

Sylus hakuwahi kuombwa radhi na mwalimu. Alifuta kiganja chake chenye matope kwenye suruali, akaona hakijatakata, akakifuta tena, kisha akaushika mkono wa Mwalimu Kavinya kwa mikono yake yote miwili.