Salamu Zilizokatika Jioni

Medina, ambaye wote walimwita Mama Medina, aliishi peke yake mjini Arua. Mume wake alikuwa amefariki. Binti yake wa pekee, Jamilah, alifanya kazi Doha. Kabla ya kuondoka, Jamilah alimwekea mama yake rauta, kile kisanduku cha kuleta intaneti nyumbani, ili wapigiane simu za picha.

Kwao salamu si jambo la haraka. Mtoto ndiye huanza. Humsalimu mama, kisha huuliza habari za shangazi aliyeko Koboko, za majirani, hata za mbuzi. Mwisho kabisa ndipo huuliza, "Na wewe mwenyewe, mama?"

Lakini kila jioni, Jamilah alipofika kwa mbuzi, picha iliganda na sauti ikakatika. Mama Medina alibaki akiitazama simu, chai ikipoa mezani.

"Amenichoka," alijiambia. "Hata salamu hamalizi."

Ilimuuma sana. Kuuliza hakutaka; mkubwa gani huomba kusalimiwa? Basi akazima rauta. Alinuna siku nzima, na wa kununiwa yuko ng'ambo. Upweke ukazidi.

Siku moja Annet, jirani aliyefundisha kompyuta, alipiga hodi.

"Mama, Jamilah amenipigia. Anatafuta wewe, hapati. Analia."

"Analia nini? Yeye ndio anakata simu!"

"Inakatika saa gani?"

"Jioni tu. Asubuhi yeye yuko kazi, lakini intaneti iko sawa."

Annet akacheka. "Basi Jamilah hakuchoka, mama. Ni sisi majirani."

Akawasha rauta, akamwonyesha orodha ya rauta za majirani kwenye simu yake.

"Angalia. Rauta inatumia njia ya hewani. Tunaita chaneli. Sisi wote hapa tulinunua rauta duka moja, na zote iko chaneli ya sita. Asubuhi watu wanaenda kazi, njia inabaki wazi. Jioni wote wanarudi, zote zinasema pamoja."

"Kama soko, kila mutu anapiga kelele?"

"Ndio hivyo. Sasa sisi tunahama."

Annet aligeuza rauta. Chini palikuwa na kibandiko chenye anwani na neno la siri. Aliiandika anwani kwenye simu, akaweka neno la siri, ukurasa wa mipangilio ukafunguka. Akaingia sehemu ya waifai.

"Hapa tunachagua moja, sita au kumi na moja. Hizo haziingiliani. Kumi na moja haina mutu."

Mama Medina mwenyewe alibonyeza kumi na moja, kisha kitufe cha kuhifadhi. Taa za rauta zilizimika kidogo, zikawaka tena.

"Na hii ikijaa?" aliuliza.

"Tunaangalia tena, tunahama tena. Lakini neno ya siri usipe mutu."

Jioni simu iliita. Jamilah alisalimu. Akauliza habari za shangazi, kisha za majirani. Akafika kwa mbuzi. Mama Medina aliishika simu kwa mikono miwili. Picha haikuganda.

"Na wewe mwenyewe, mama?"

Alikuwa hajalisikia swali hilo muda mrefu. Machozi yakamtoka.

"Niko peke yangu, mwanangu. Nilifikiri umenichoka."

"Mama! Mimi nauliza kila siku. Wewe ndio hujanijibu."

Jioni hiyo Mama Medina alijibu, na alikuwa na mengi ya kusema.