Zamu ya Tharcisse

Jumapili, watu wakitoka kanisani, nyumba ya Vital na mkewe Mado hujaa wageni. Wanakaa Fort Worth, kwenye majengo ambayo nusu ya wapangaji ni Wakongo waliopitia kambi za wakimbizi za Tanzania. Siku hiyo Mado alipika sombe, yaani kisamvu, na ugali. Kaka yake, Tharcisse, alikula matonge mawili, akasinzia mezani, mkono ukiwa bado kwenye sahani. Watoto wakamcheka kwa Kiingereza chao.

Hakuwa mgonjwa. Alikuwa na kazi mbili, maana alitaka nyumba kubwa kabla mkewe Rosette na watoto hawajafika kutoka kambini. Usiku alipakia mizigo katika ghala moja huko Grand Prairie. Asubuhi, bila kulala, aliingia kwenye gari la Vital, wakaenda kwenye kituo cha umeme wa nyuklia nje ya mji.

Mwaka huo wa 2019 mtambo mmoja wa kituo ulizimwa ili ufanyiwe matengenezo. Matengenezo yakija, kampuni za vibarua huchukua mtu yeyote mwenye miguu miwili. Vital na Tharcisse waliajiriwa kuwa faya wochi, yaani walinzi wa moto. Kuna vyumba ambavyo vitambuzi vya moshi vimezimwa kwa muda, au ukuta umetobolewa ili mafundi wapitishe nyaya. Chumba cha namna hiyo lazima mtu aingie kila saa akikague. Kisha anagusisha kifaa chake, kinachofanana na tochi fupi, kwenye kifungo cha chuma ukutani. Kifaa kinatunza kumbukumbu kwamba mlinzi amefika.

Mafunzo yalikuwa ya asubuhi moja, kwa Kiingereza cha mbio. Watu wakatia sahihi kwamba wameelewa, na kampuni ikaridhika. Hivyo ndivyo wanavyotufanyia. Hawakufundishi kwa lugha unayoisikia, halafu kitu kikiharibika jina lako ndilo la kwanza kutajwa. Tumeyaona kwenye viwanda vya kuku, tumeyaona kwenye maghala, na hatujasahau.

Kwa hiyo Vital na Tharcisse walishika jambo moja tu: gusisha kifaa.

Tharcisse alipozinduka mezani, alimwomba Vital ampitie kesho yake. Vital angebeba vifaa vyote viwili na kupita vyumba vya wote wawili, Tharcisse akilala kwenye gari. Vital alikubali papo hapo. Kule kambini, mtu akiugua, mwenzake aliitikia jina lake kwenye foleni ya unga. Aliyekataa kumwitikia ndugu yake hakuhesabiwa kuwa mtu. Hata Mado alimshukuru mumewe.

Apolonia, jirani Mtanzania, alikuwa amekaa nao mezani. Yeye alikuwa mlinzi wa moto wa siku nyingi katika kituo hichohicho. Aliweka tonge chini.

"Shemeji Vital, ukibeba vifaa viwili, vyumba vya nani utavipita haraka? Vyako au vyake?"

"Vyote. Miguu ninayo."

"Hawakukuajiri ukimbie. Kile kifungo kiko karibu na mlango. Ukikigusa ukaondoka, mashine inasema umefika. Nyuma ya zile trei za chuma zinazobeba nyaya nani ametazama?"

Mado akauliza hizo nyaya zina nini hata watu wazilinde namna hiyo.

Apolonia alieleza taratibu. Mtambo wa nyuklia ukizimwa haupoi kama jiko lililomwagiwa maji. Ndani yake unaendelea kutoa joto kwa siku nyingi, na lazima maji yazunguke kuupoza. Maji yanasukumwa na pampu. Pampu zinapata umeme kwa nyaya, na nyaya ndizo zinazopita mle vyumbani. Moto ukizila nyaya, pampu zinaweza kusimama. Akawapa habari ya kituo kimoja cha Alabama, mwaka 1975. Mafundi walitumia mwali wa mshumaa kutafuta mahali hewa inapopenya ukutani. Sponji iliyoziba tundu ikashika moto, nyaya nyingi mno zikaungua, na kwa saa nyingi wafanyakazi walihangaika kuifikishia mitambo maji. Walifaulu, lakini kwa shida.

"Mshumaa tu?" Mado akauliza.

"Mshumaa tu, dada."

Tharcisse alikasirika, maana aliona Vital anaanza kusita. Alimgeukia Vital. "Pale kwa kambi, ulipokuwa unatetemeka na malaria, nani aliitikia jina yako?"

"Ni wewe."

"Basi leo ni mimi minachoka, unanitupa?"

Apolonia ndiye aliyejibu. "Foleni ya unga ilitaka jina. Hii kazi inataka macho. Lakini sikiliza, shemeji. Kituo cha nyuklia kina sheria yake. Ukisema umechoka mno, huwezi kufanya kazi kwa usalama, bosi lazima akusikilize. Haruhusiwi kukuadhibu kwa kusema hivyo. Walituambia kwenye mafunzo."

"Kwa Kiingereza," Tharcisse alisema.

"Kwa Kiingereza," Apolonia alikubali, wala hakucheka.

Tharcisse alisema mabosi wana sheria kwenye karatasi, ila mtu maskini wanamwonyesha mlango. Akaondoka bila kumaliza chakula.

Asubuhi, walipokabidhiwa vifaa, Tharcisse alimnyoshea Vital cha kwake. Vital aliitia mikono yake mfukoni.

"Hapana, shemeji. Twende kwa bosi, nitakusindikiza."

"Nikifukuzwa, ni wewe utamwambia Rosette."

"Nitamwambia."

Wakaenda. Kwa Kiingereza chake kidogo, Tharcisse alisema amechoka mno, si salama. Bosi wa zamu alikunja uso, akamuuliza basi amekuja kufanya nini. Wengi wetu tumeishia kwenye swali la namna hiyo, tukainama tukarudi kazini. Tharcisse aliyarudia maneno yake yaleyale. Apolonia akaja akasimama upande wake wa pili. Bosi aliwatazama wote watatu, akapiga simu, kisha akampeleka Tharcisse apumzike. Vyumba vyake akapewa Apolonia, na vya Apolonia wakagawana walinzi wa akiba.

Kabla ya chakula cha mchana, Apolonia aliingia katika chumba kimojawapo. Hakukimbilia kifungo. Alizunguka kwanza nyuma ya trei. Huko taa ya wapaka rangi ilikuwa imeanguka kifudifudi juu ya plastiki waliyotandika sakafuni. Plastiki ilikuwa imeanza kuyeyuka, na moshi mwembamba ulipanda kuelekea kwenye nyaya. Alichomoa plagi, akapiga simu kwenye chumba cha kuongozea mitambo, akabaki palepale mpaka zimamoto walipofika.

Vital alipopata nafasi alikwenda kuona. Alisimama mlangoni, karibu na kifungo, akatazama ndani. Kutoka pale aliona trei na ukuta tu.

"Ningegusa, nikaenda," alimwambia Tharcisse alipoamka. "Singeona kitu."

Tharcisse hakufukuzwa. Tusimsifu bosi kwa hilo, sheria ilimbana. Jioni Tharcisse alimpigia simu Rosette, akamwambia nyumba kubwa itachelewa kidogo, kisha akaomba ruhusa ghalani mpaka matengenezo yaishe. Alilala usiku kama watu wengine. Na walinzi wote waliosema Kiswahili walikwenda pamoja kwa kampuni, wakadai wafundishwe upya, Apolonia akitafsiri. Kampuni ilisita. Wakasema bila hivyo hawaingii vyumbani. Mafunzo yakarudiwa, safari hii kwa Kiswahili, na maswali yalikuwa mengi.

Siku moja mzee Émile, mlinzi mwenzao, alimvuta Tharcisse pembeni. Mguu ulimuuma tangu alfajiri. Akaomba Tharcisse ampitie vyumba vyake mara moja tu, asijue mtu.

Tharcisse alimshika mkono.

"Kukupitia sitaweza, baba. Twende kwa bosi. Usiogope, tunaenda wawili."